Kolamu ya Marejesho

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Jedwali la mikopo ya vikundi limekuja tena. Linatakiwa Ijumaa bila kukosa. Jina la kikundi, kata, mtaa, idadi ya wanachama, kiasi walichopewa, tarehe. Basi. Nimeligeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa umeachwa. Hakuna. Marejesho hayaulizwi popote.

Nimeuliza. Nimejibiwa kwamba hayo yana fomu yake, itakuja.

Kutwa nzima nimekaa na jambo hili kifuani. Vikundi hivi nimeviunda mimi. Katiba zao nimewaandikia mimi, nimekaa nao foleni benki wafungue akaunti, nimewashika mkono wasioweza kusaini. Aprili 2023 Waziri Mkuu aliposimamisha mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ripoti ya CAG ikiwa mezani, nikawaambia mtulie, itarudi. Imerudi kweli. Kanuni mpya za mwaka huu, kamati mpya, mfumo mpya wa kompyuta. Na madeni ya kabla ya 2023 yamelala palepale kwenye mafaili, chini ya dirisha, pale panapovuja.

Nitaongeza kolamu. Wakiifuta, waifute wao.

Mvua. Kilwa Road haipitiki, nimeshuka Zakhem nikatembea mpaka Rangi Tatu na viatu mkononi.

Jumanne, 5 Novemba, usiku

Hodi saa nne. Mama wa maandazi, kajitanda khanga mpaka machoni. Hakutaka kukaa kwenye kiti.

"Dada, ile hela mimi sikuila."

Najua hakuila. Walikuwa watano. Walipewa 2022, wakagawana siku ileile, kila mtu akaenda na chake, mhazini akabaki na jukumu la kukusanya na kupeleka benki. Mhazini sasa simu haipatikani. Huyu mama amesikia wanaodaiwa watafuatwa, akaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili alipe sehemu yake. Kausha damu! Kwa deni la serikali lisilo na riba hata senti. Analipa kila siku jioni, kijana wa mkopo anakuja na daftari mpaka kwenye karai la mafuta.

"Na risiti unayo?" Hana. Alimpa mhazini mkononi.

Ameondoka saa tano. Sijalala. Ameniletea maandazi manne kwenye mfuko, yako mezani, siwezi kuyagusa.

Ijumaa, 8 Novemba

Jedwali nimelipeleka likiwa na kolamu ya ziada. Kimya mpaka sasa.

Mchana Upanga, chuoni Mzumbe. Daktari, msimamizi wangu, amesoma sura ya pili ya tasnifu, kaijaza wino mwekundu. Hakasiriki, huuliza tu. "Udhibiti unaouzungumzia ni wa nani juu ya nani?" Nikamjibu kwa Robert Anthony, 1965: jinsi mameneja wanavyohakikisha rasilimali zinapatikana na kutumika vizuri ili malengo ya taasisi yafikiwe. Akaniangalia. "Mameneja. Haya. Na mwananchi wa mtaani kwako yuko wapi kwenye hiyo sentensi?"

Hayupo. Nimerudia kuisoma kwenye daladala, nimeshikilia bomba kwa mkono mmoja. Hayupo kabisa. Fedha inatoka juu, taarifa inarudi juu. Mtaa ni mahali pa kupitia.

Kanipa William Ouchi nisome, makala yake ya 1980. Anasema watu hudhibitiana kwa njia tatu: soko na bei zake, ofisi na kanuni zake, au ukoo. Kwa ukoo ana maana ya watu wanaojuana, wenye imani moja ya kipi ni halali na kipi ni aibu, kiasi kwamba huhitaji kuwasimamia kwa karatasi. Nimecheka peke yangu, abiria wa pembeni akanitazama. Profesa wa Marekani kaandika juu ya kikoba cha shangazi yangu bila kukijua.

Jambo la kukumbuka: Mzumbe ilianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikifundisha watu wa tawala za wenyeji wa enzi ya mkoloni. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Mwaka uleule serikali za mitaa zilipoanza kufutwa. Nalirudia rudia hilo kichwani.

Jumapili, 10 Novemba

Chamazi, kwa shangazi. Kikoba chao, chini ya mwembe, saa tisa alasiri. Niandike yote kabla sijasahau.

Sanduku la bati, limepakwa rangi ya kijani. Kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa wa nne, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Mmoja akichelewa, hakuna kinachofunguka. Leo mmoja alichelewa. Wamekaa wakamsubiri, hakuna aliyesema tuvunje. Alipofika, faini. Akatoa bila neno.

Kabla ya kufungua, mwenyekiti akauliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Wakajibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza wanavyotaja hesabu. Bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyeanza, wengine wakamfuata. Ndipo wakafungua, wakahesabu mbele ya watu wote, ikalingana. Hisa zikanunuliwa kwa zamu, kila mmoja anaitwa kwa namba yake, anasogea mbele, anaweka, muhuri unagongwa kwenye kitabu chake, sauti inatangaza. Kisha mfuko wa jamii, wa misiba na wagonjwa. Kisha marejesho.

Na hapo kwenye marejesho nimeona nilichokuwa nakitafuta kwenye vitabu. Mama mmoja alikuwa hana. Akasimama, akaeleza: mtoto amelazwa. Hawakumwonea huruma moja kwa moja. Wakamuuliza hospitali gani, siku ngapi, dawa kiasi gani. Wale watano wa kundi lake, waliomdhamini, ndio waliobanwa zaidi. Wakajadiliana pembeni, wakamlipia kwa kuchangishana, na yeye atawarudishia kabla ya kikoba kuvunjwa mwisho wa mwaka. Ikaandikwa. Ikasomwa tena kwa sauti. Kisha mfuko wa jamii ukampa ya matibabu. Mtu yuleyule, siku ileile, amebanwa na amesaidiwa.

Hawa ni wale wa daraja la nne, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Cheti chao kimo mle mle sandukuni. Vikundi vya namna hii, mtindo huu wa kuhesabu mbele ya watu, ulianzia Niger mwaka 1991, wanawake wa vijijini na shirika la CARE, ukafika Zanzibar miaka ya 2000, ukashuka bara. Umefika Chamazi, umekuwa wa Chamazi. Hakuna mwanamke pale anayejua habari ya Niger.

Nikamuuliza shangazi, ile hela ya halmashauri mngeweza kuirejesha? Akasema, "Mwanangu, ile hatujawahi kuihesabu pamoja. Ile inaingia benki, anajua mhazini."

Jumamosi, 16 Novemba

Ghorofa limeanguka Kariakoo. Asubuhi, watu wamo ndani, maduka yamefunguliwa. Nusu ya wanawake wangu hununua mzigo pale.

Nimepiga simu mpaka chaji imeisha. Wa vitenge amepatikana. Wa sabuni amepatikana, analia, alikuwa mtaa wa pili. Mmoja hapatikani.

Saa moja usiku. Amepatikana. Hakwenda leo, mtoto ana homa. Ee Mungu. Na waliomo mle je, ambao simu zao zinaita chini ya zege?

Jumatano, 20 Novemba

Bado wanatolewa watu. Imeundwa tume ya watu kumi na tisa kukagua majengo ya Kariakoo yote. Nimesikiliza redioni nikiwa nimesimama dukani, na muuza duka naye kaacha kupima sukari. Wapangaji wa jengo lile walikuwa wakiona kila siku kinachochimbwa chini yao. Waliokuwa ndani walijua mengi kuliko faili lolote la kibali. Nani alikuwa na wajibu wa kuwauliza?

Sitaki kuligeuza hili kuwa mfano wa tasnifu. Leo nimeshindwa kuandika kitu kingine.

Jumapili, 24 Novemba

Kwa mama, Tandika. Nimemkuta anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, mbona umekonda. Nikamwambia nasoma habari za 1972, Madaraka Mikoani.

Karatasi zinasema hivi: serikali ilileta McKinsey, washauri wa Kimarekani, wakasaidia kubuni muundo. Halmashauri zikafutwa, za wilaya na baadaye za miji, kazi zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Jina lilisema madaraka yanakwenda kwa wananchi. Waliokwenda mikoani walikuwa maofisa. Miji ikakosa mwenyewe. Taka, mitaro, maji. Mwaka 1978 ikabidi itungwe sheria ya muda kurudisha halmashauri za miji, na kipindupindu kilichangia sana kusukuma uamuzi huo. Mwaka 1982 zikaja sheria namba 7 na 8. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia.

Mama hajasoma hayo. Anachokumbuka ni kipindupindu. Chokaa mlangoni, maji ya kuchemsha mpaka mkaa ukaisha, jirani aliyebebwa asubuhi na hakurudi. "Na diwani hakuwepo," akasema. "Ulikuwa unamlilia nani? Afisa alikuwa hakai huku."

Nimeandika maneno hayo kwenye ukingo wa sura ya pili. Ulikuwa unamlilia nani. Nadhani ndilo swali la utafiti, yale matatu niliyoyasajili chuoni ni madogo mbele yake.

Halafu 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji ya Keenja, na mwaka 2000 tukapata manispaa tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Jiji likavunjwa tena, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Kila mara mipaka inachorwa upya, vibao vinapakwa rangi. Temeke peke yake kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 1.3. Nani anamjua nani?

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa mitaa. Mapumziko. Nimepiga kura mapema, nimekaa nje ya ofisi ya mtaa nikiangalia watu.

Hapa ndipo kichwa kimefunguka, niandike haraka. Oktoba, walipobandika orodha ya wapiga kura kwenye ukuta huu huu, watu walijaa asubuhi na jioni. Wamama wanapitisha kidole kwenye majina. Vijana wanapiga picha kwa simu. Watu wanabishana: huyu alihama, huyu marehemu, huyu hana miaka kumi na minane. Orodha ile ilikaguliwa na mtaa mzima bila posho, bila semina, bila kuletewa maji ya chupa.

Pembeni yake, ubao wa matangazo wa mapato na matumizi. Karatasi imepauka, maandishi madogo, jumla za halmashauri nzima kwa mamilioni. Hakuna hata mmoja aliyesimama mbele yake. Wasimame watafute nini? Hakuna jina la mtu wanayemjua.

Watu wanasoma wanapojikuta wameandikwa. Bandika vikundi vya mtaa huu kwa majina ya vikundi, walichopewa, walichorudisha, kilichobaki. Tuone kama ukuta utakosa watu.

Mikono inatetemeka kwa furaha, kweli. Nimenunua mihogo ya kukaanga na pilipili nikala yote nimesimama.

Jumanne, 3 Desemba

Kinondoni leo, Tandale kwa Mtogole. Kutoka Mbagala mpaka kule ni safari ya kukata nusu siku. Vijana wa bajaji, kikundi kilichokopa mapema na kikamaliza kulipa. Nilitaka kujua wamewezaje.

Jibu lao: walikuwa na kijiwe kabla ya kuwa na kikundi. Wanapaki pamoja, wanakula kwa mama ntilie mmoja, wanazikana. Michango yao iko kwenye M-Koba, ile huduma ya vikundi kwenye simu iliyoanza 2019. Mmoja akiweka au akitoa, ujumbe unaingia kwa wote. Kijana mmoja akanionyesha simu yake, kioo kimepasuka kote: "Dada, hapa huwezi kuficha. Saa sita usiku ukigusa hela, simu zinalia kijiwe kizima."

Nikawaeleza wazo la kubandika. Wakalipenda. Kisha mkubwa wao, ana mvi kidogo, akaniuliza: "Sisi mtatubandika. Na nyie ile asilimia kumi mnayotakiwa kuitenga, nani anawabandika?"

Sheria inasema kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kifungu cha 37A, kiliingizwa 2018. Kabla ya hapo ilikuwa sera na maelekezo tu, tangu mifuko ya wanawake na vijana ya miaka ya tisini. Leo ni sheria. Kwa hiyo kijana ana haki ya kuuliza: robo hii mmekusanya ngapi, mmetenga ngapi, mmetoa ngapi? Hizo ndizo namba za kwanza zinazotakiwa kuwa juu ya orodha, kabla ya jina la kikundi chochote.

Nimemshukuru. Sura ya tano itaanza na swali lake.

Njiani nimepitiwa na usingizi mpaka Mtoni kwa Azizi Ally.

Jumatatu, 9 Desemba

Uhuru. Watoto wa jirani wanapuliza vuvuzela tangu alfajiri. Nimejifungia na Uganda.

Ritva Reinikka na Jakob Svensson. Walifuatilia ruzuku ya wanafunzi wa shule za msingi, 1991 hadi 1995, kutoka Kampala hadi mlangoni kwa shule. Kwa wastani zilifika asilimia 13. Kumi na tatu! Zilizobaki ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya fedha ikawa inafika. Na shule zilizokuwa karibu na mahali gazeti linapopatikana zilinufaika zaidi.

Nikamtumia Daktari kwa WhatsApp, nimejaa ushindi. Akanijibu kwa jina moja: Hubbard, 2007. Nikamtafuta. Paul Hubbard anasema tusizidishe sifa za gazeti. Miaka ileile Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, 1997, ruzuku zikaongezwa, wafadhili wakabana, usimamizi wa fedha serikalini ukabadilishwa. Mambo mengi yalibadilika kwa pamoja.

Nimekasirika nusu saa. Kisha nimekubali kwamba Daktari ananisaidia. Karatasi ukutani peke yake haitoshi. Chamazi wana kitu cha ziada: mkutano. Mtu anasimama, anaulizwa, anajibu, inaandikwa. Hata utafiti wa KiuFunza hapa kwetu, shule 350, unasema jambo la namna hiyo kwa upande mwingine: shule zilizopewa ruzuku peke yake, matokeo ya watoto hayakupanda, zilizopewa ruzuku pamoja na motisha kwa walimu, yakapanda. Mambo mawili yakishikana. Fedha na sababu ya kuijali. Taarifa na mahali pa kuuliza.

Kwa hiyo: ibandikwe na isomwe mkutanoni. Yote mawili. Nimepigia mstari mara mbili mpaka karatasi imetoboka.

Kolamu yangu, naambiwa leo, imefutwa kwenye jedwali la mwisho. "Haikuwepo kwenye kiolezo." Haya. Ninayo nakala.

Jumapili, 15 Desemba

Wamevunja! Chamazi, kikoba cha shangazi. Pilau, soda, sare za vitenge vya rangi ya machungwa, spika ya kukodi.

Kwanza hesabu, raha baadaye. Madeni yote yamesomwa, yote yamerudi, na la yule mama wa mtoto aliyelazwa limo. Amesimama akawarudishia wale watano mbele ya watu, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Makofi. Thamani ya hisa ikapigwa kwa faida ya mwaka, kila mmoja akaitwa kwa namba. Bibi asiyejua kusoma akapokea, akahesabu noti zake taratibu, watu wakanyamaza mpaka akamaliza. Akasema, "Sawasawa." Ndipo vigelegele.

Januari ada, sare za shule, madaftari. Wote wanajua hela inakwenda wapi.

Nimecheza mpaka kitambaa kimedondoka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimecheza.

Alhamisi, 19 Desemba

Mhazini amepatikana. Yuko kwa dada yake, Mbande. Nimekwenda na mama wa maandazi, sikutaka twende na mgambo kama nilivyoshauriwa.

Amekonda hatambuliki. Aliugua, akafanyiwa upasuaji, hela za marejesho za wenzake akazila kwenye matibabu, akaona aibu, akazima simu. Hakuna aliyejua. Watu wanne waliokopa naye, wanaoishi mitaa miwili mbali naye, hawakujua kwamba amelazwa. Hawakuwahi kukutana tena tangu hela iingie.

Mama wa maandazi aliingia na hasira za mwezi mzima. Alipomwona akakaa chini akalia. Kisha wakalia wote.

Nimewauliza, kikundi kilikutana lini mara ya mwisho? Wakaangaliana. Siku ya kusaini.

Mahitaji ya fomu yalikuwa: katiba, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji, picha, akaunti. Vyote wanavyo. Vyote vilikaguliwa. Kwa karatasi, kikundi kile ni hodari kuliko cha shangazi. Hatukuwauliza kama wanajuana, kama wanakutana, nani ana ufunguo gani. Fomu haina mahali pa kuandika hivyo. Na mimi nilipimwa kwa idadi ya vikundi vilivyopata, kama wenzangu wote. Kwenye malengo yangu ya mwaka, toka enzi za OPRAS, mfumo wa zamani wa kutupima watumishi, mpaka huu mpya wa e-Utendaji, andiko ni lilelile: idadi ya vikundi vilivyowezeshwa.

Tumekubaliana hivi. Mhazini ataanza na elfu ishirini kwa mwezi, dada yake shahidi. Wote watano watakutana kila Jumapili kwenye baraza ya mama wa maandazi. Stakabadhi zitasomwa kwa sauti. Nitakuwepo Jumapili ya kwanza.

Nimemuuliza mama wa maandazi: tukibandika marejesho ukutani, utaona haya? Nilidhani atasita. "Libandike jina la kikundi chetu, dada. Nilicholipa kionekane. Saa hizi nimelipa na naitwa mdaiwa."

Ijumaa, 27 Desemba

Homa kidogo. Panadol, supu. Halmashauri kumi zimepangiwa kupitisha mikopo benki kwa majaribio, Jiji la Dar es Salaam likiwamo. Temeke hatumo, sisi tunaendelea na kamati. Wenzangu wanasema benki ndiyo dawa. Benki itajua nani hajalipa, ndiyo. Itajua yenyewe na halmashauri. Je, jirani yake atajua? Mhazini akilazwa, benki itampelekea uji?

Elinor Ostrom, kitabu chake cha 1990, alikusanya mifano ya nchi mbalimbali ya watu wanaotunza misitu, malisho na mifereji yao wenyewe. Palipodumu, alikuta waangalizi ni watumiaji wenyewe, au ni watu wanaowajibika kwa watumiaji. Nimelala na sentensi hiyo.

Jumatatu, 30 Desemba

Sura ya tano imekwenda kwa Daktari saa tano usiku. Kurasa zimepungua, niliyoyasema ni machache na nayasimamia.

Na barua nimeiandika, kwa mkono kwanza, kesho naipiga chapa. Alhamisi naipeleka kwa mkuu wangu, nakala kwa mwenyekiti mpya wa mtaa na kwa diwani. Ombi lenyewe, nalinakili hapa:

Kila baada ya miezi mitatu ofisi ya serikali ya mtaa ibandike, kwa herufi kubwa zinazosomeka, mapato ya ndani yaliyokusanywa na halmashauri, kiasi kilichotengwa kwa mikopo, na kiasi kilichotolewa. Chini yake kila kikundi cha mtaa huo, kilichopewa, kilichorejesha na kinachodaiwa. Orodha hiyo isomwe kwa sauti katika mkutano wa wakazi kabla ya ajenda nyingine yoyote, na wakazi waulize. Kikundi kisikopeshwe kabla ya kukutana na kuhesabu fedha yake mwenyewe kwa angalau miezi mitatu mbele ya afisa. Na kwenye kila jedwali linalopanda juu, kolamu ya marejesho irudishwe.

Naomba tuanze na kata moja. Naomba iwe yangu, robo hii ya Januari hadi Machi 2025.